Inchi Nne

Fundi alikuwa na namba mbili kwa kila mwanamke: ya mdomoni na ya daftarini. Ya daftarini ndiyo iliyokuwa ya kweli. Ya mdomoni ilipungua inchi nne kifuani, nne kiunoni na nne nyongani. Hakuwahi kupunguza tano. Katika jambo hilo alijihesabu mtu mwaminifu kabisa.

Wateja wake walikuwa wanawake wanene, na aliwapata kwa sababu mafundi wengine wa mtaa ule walikuwa na midomo mipana. Ukienda kwao, mmoja anakuzungushia futi, mwenzake yuko kwenye cherehani upande wa pili wa chumba, na vipimo vyako vinatangazwa kama mnada. "Nyonga hamsini na sita! Mama, kitambaa hiki hakifiki, kaongeze mita!" Wanaume waliokaa kwenye benchi nje wanageuza shingo. Mwanamke anatoka pale na mfuko wake kwapani, ameapa kujifunga shuka maisha yake yote.

Kwa Fundi hapakuwa na makelele. Alipima taratibu na kutaja namba kwa sauti ya kawaida, na mezani wifi yake aliandika bila kuinua kichwa, akiongeza nne. Ikitamkwa arobaini, inaandikwa arobaini na nne. Walipatana hivyo wiki ya kwanza, wakicheka mpaka machozi, kisha hawakulizungumza tena kwa miaka sita. Ulimi wa Fundi ulizoea hata akawa hausikii tena uongo wake ukitoka.

Halafu wifi akahama kumfuata mumewe aliyepata kazi mbali, na kiti cha daftari kikabaki wazi. Akakikalia kaka yake, yaani mume wa Fundi.

Mtaa mzima ulimwita Stoo. Miaka kumi na minne alitunza stoo ya kiwanda cha rangi, na sifa yake ilikuwa moja tu: debe likiingia anaandika, likitoka anaandika, na ukimwamsha usingizini atakwambia yamebaki mangapi. Kiwanda kilipofungwa alikaa nyumbani miezi mitano akitengeneza vitu ambavyo havijaharibika. Siku mkewe alipomwomba ashike daftari, alinyoa ndevu, akachonga penseli tatu.

Fundi alimwonyesha mahali pa jina, mahali pa tarehe, mahali pa kubandika kipande cha kitambaa. Habari ya inchi nne hakumwambia. Hakuficha. Ilimpita tu, kama mtu anavyomwonyesha mgeni nyumba nzima akasahau kumwambia kwamba mlango wa bafuni husukumwa kwa goti.

*

Bi Masjala alikuja Jumatatu, saa ya mapumziko ya ofisini, na kama kawaida mlango ulimpokea kwa ubavu. Alikuwa mkuu wa masjala katika ofisi kubwa ya ng'ambo ya barabara. Majalada yote yalipita mikononi mwake, na hakuna barua iliyotoka bila muhuri wake. Ijumaa ya wiki iliyofuata angestaafu.

"Miaka thelathini na moja, Fundi," alisema akiketi. "Wataniaga ukumbini, na picha yangu itatundikwa kwenye ukuta wa korido pamoja na wakubwa wote waliopita. Sasa sikiliza. Wale wote kwenye ule ukuta wamevaa makoti. Mimi sitapigwa picha na koti hili."

Alishika ncha mbili za koti lake la kazi, la buluu, akazivuta. Hazikukutana. Kati yake palibaki blauzi tupu, upana wa kiganja.

"Miaka miwili linapepea namna hii," alisema. "Si langu tu, makoti saba hayakufunga. Yule fundi aliyepewa zabuni hajui hata kuhesabu. Tulijaza fomu wenyewe, kila mtu na vipimo vyake, namba zimeandikwa waziwazi, na bado akatuletea nguo za watoto. Tukamshtaki kwa barua moja! Wote saba tukasaini."

"Pole, mama," alisema Fundi.

Mama mkwe wake Fundi, aliyekuwa akipiga pindo kwa mkono karibu na dirisha, alitikisa kichwa. "Mafundi wa siku hizi," alisema.

Bi Masjala akafungua mfuko wake na kutoa kitambaa. Kilikuwa cha kijani kilichoiva, kizito, chenye maua makubwa ya rangi ya shaba, ua moja ukubwa wa sinia. Mdogo wake alikituma kutoka alikokuwa akiishi, mita tano, na pale mjini hapakuwa na duka lenye kipande kingine.

"Usinifanyie gunia," alisema Bi Masjala. "Kila fundi akiniona anawaza marinda. Kukusanya hapa, kukunja pale, nikitoka nje naonekana nimevaa pazia la ukumbi."

"Marinda ni woga," alijibu Fundi, na sura yake ikabadilika, maana hapo ndipo alipokuwa mwenyewe. Alitandaza kitambaa begani mwa Bi Masjala. "Mwili mkubwa unataka mikato mirefu. Naanzia hapa begani, nashuka juu ya kifua, naingia kidogo kiunoni, natoka, naenda moja kwa moja hadi chini ya goti. Vipande sita. Shingo naifungua, una shingo nzuri, unaificha ya nini? Na maua haya nayaongoza. Hakuna ua litakalokaa juu ya tumbo wala juu ya ziwa. Moja bega la kushoto, moja chini huku kulia. Jicho la mtu litapanda na kushuka, halitapata pa kutua likakukodolea."

"Utanifanya nilie."

"Inua mikono, mama."

Akamzungushia futi. "Kifua, arobaini na nne. Kiuno, thelathini na nane. Nyonga, hamsini na mbili."

Stoo akaandika. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, tarakimu zimesimama wima kama askari.

"Unaona?" Bi Masjala alimwambia Stoo, akishusha mikono kwa maringo. "Tangu nimjue mke wako niko palepale. Sijaongezeka hata uzi."

"Hongera, mama," alisema Stoo, na alisema kwa moyo mweupe.

*

Fundi alianza kukata Alhamisi, kwanza karatasi. Alikata mwenyewe, kwa kufuata daftari, kwa sababu katika miaka sita daftari halijawahi kumdanganya. Alipoona arobaini na nne alisita, mkasi ukiwa wazi. Akakumbuka mwili ule mikononi mwake. Kisha akafurahi. "Bi Masjala amepungua," alimwambia mama mkwe. "Kumbe inawezekana."

"Wasiwasi wa kustaafu huo," alisema mama mkwe.

Siku mbili zilimwishia kwenye maua. Alilaza karatasi ya mkato juu ya kitambaa, akaigeuza, akaivuta kidole kimoja kushoto, akairudisha, akainuka kunywa maji, akarudi akaanza upya. Ua la begani lilipokaa mahali pake alimwita mumewe aje aone, na Stoo akasimama mlangoni na kikombe, akatazama kwa muda mrefu, akasema kweli limekaa. Ilikuwa mara ya kwanza katika miezi mitano wawili hao kutazama kitu kimoja na kukipenda.

*

Jumatatu Bi Masjala alirudi kujaribu. Aliingia nyuma ya pazia akiimba chinichini, koti likabaki kwenye msumari. Fundi alimfuata na gauni mikononi. Likapita kichwani, likapita mabegani, likateremka hadi kifuani, likakwama hapo.

"Vuta pumzi ndani, mama."

"Nimevuta."

"Vuta tena kidogo."

"Fundi, nikivuta zaidi nitazimia."

Waliling'ang'ania wote wawili hadi likafika chini, lakini zipu ya mgongoni ilikuwa wazi kwa upana wa vidole vinne, na kiunoni nyuzi zilianza kulia. Fundi aliachia zipu. Akasema, "Nakuja, mama," akatoka nje ya pazia kwenda mezani. Akafungua daftari na kuweka kidole juu ya namba.

Arobaini na nne.

Aliisoma mara tatu, na mara ya tatu alijisikia mwenyewe akiitamka, wiki iliyopita, kwa sauti yake ile ya upole. Mumewe alikuwa amechutama kando ya cherehani la pili akitia mafuta. Mama mkwe alikuwa akimtazama juu ya miwani. Huyo alijua, miaka sita alikaa dirishani na masikio yake mazima.

"Fundi?" sauti ilitoka nyuma ya pazia. "Kuna nini? Mbona umenyamaza?"

Na Fundi akafungua mdomo, na kilichotoka kikatoka chenyewe. "Ni mume wangu, mama. Ameandika vibaya. Utusamehe, bado mgeni wa kazi."

Kopo la mafuta likabaki hewani. Stoo alimgeukia mkewe. Mama mkwe naye alichoma sindano kwenye pindo akaiacha hapohapo.

Pazia likavutwa. Bi Masjala alitoka amejitupia koti lake juu ya gauni lililo wazi, uso umemwiva kwa hasira. "Baba," alimwambia Stoo, "kazi ya kuandika namba tatu tu? Mtu mzima kama wewe? Kitambaa hiki hakina cha pili! Ijumaa nitasimama mbele ya watu mia mbili na nini, na shuka?"

"Niliandika alichosema," alijibu Stoo polepole.

"Usimsingizie mke wako. Mwanamke anakulisha, halafu unamsingizia!"

Neno lile lilimpata Stoo pabaya. Alisimama, akajifuta mikono na kitambaa, akajifuta tena ingawa ilikwisha takata. Fundi alitaka ardhi ipasuke. Angeweza kusema palepale. Hakusema.

"Nipe hilo daftari," alisema Bi Masjala. "Mimi nimesoma majalada tangu hamjazaliwa, nitaliona kosa liliko." Akavaa miwani iliyoning'inia shingoni, akafuatisha mstari kwa kucha. "Kifua, arobaini na nne. Kiuno, thelathini na nane. Nyonga, hamsini na mbili." Akasoma tena. Kisha akavua miwani. "Hizi ndizo namba zangu. Kosa liko wapi?"

Akaliweka daftari mezani.

"Fundi, umekata kwa namba hizi?"

"Ndiyo, mama."

"Kama zilivyo?"

"Kama zilivyo."

Bi Masjala alitafuta kiti kwa mkono, bila kutazama, akakaa. Nyuzi za gauni zikatoa mlio mwingine mdogo. "Basi ni mimi," alisema. "Wiki moja tu. Ni zile keki. Kila idara inaniaga na keki yake, na mimi siwezi kukataa, naona nitawavunja moyo. Nilijua. Nilihisi sketi inanibana nikajidanganya kwamba ni joto." Akamwinulia Stoo macho, na macho yalikuwa yameloa. "Baba, unisamehe. Nimekutukana bure. Ni huu mwili wangu. Umeniaibisha maisha yangu yote, ungeniachaje siku ya mwisho?"

Hapo Fundi alikuwa amefunguliwa mlango mpana. Ilimbidi aseme tu, pole mama, mwili hubadilika, nitatia kipande pembeni. Mumewe ameshaombwa radhi. Daftari ni safi. Jina la chumba kile lingebaki kama lilivyokuwa, na wote wangekwenda zao na heshima zao, isipokuwa yule mama aliyekaa kwenye kiti anajifuta macho kwa ncha ya koti lisilofunga. Fundi alimtazama. Alimwona anavyovuta gauni kwa vidole viwili lisiguse tumbo, kama anayeomba radhi hata kwa kitambaa.

"Si wewe, mama," alisema.

"Usinibembeleze."

"Sikubembelezi. Si keki, na si mume wangu. Wiki iliyopita kifua chako kilikuwa arobaini na nane. Mwaka jana kilikuwa arobaini na nane. Mimi husema pungufu."

"Pungufu vipi?"

"Inchi nne. Natamka pungufu, wifi yangu alikuwa anaongeza wakati wa kuandika. Mume wangu sikumwambia. Aliandika nilichosema."

Bi Masjala alicheka kwanza. Alicheka kweli, mabega yakitikisika. "Unanipunguzia mimi tu?"

"Nawapunguzia wote."

Kicheko kikakatika. "Kwa nini?"

"Nilikuwa na miaka kumi na mitatu," alisema Fundi, "tulikuwa tunapimwa sare za shule. Mpimaji akasoma namba yangu kwa sauti, darasa zima likacheka. Mpaka namaliza shule nilikuwa naitwa kwa ile namba. Nikasema mimi sitamfanyia mtu hivyo."

"Ukaona dawa ni kunidanganya."

"Niliona ni heshima, mama."

"Heshima," alirudia Bi Masjala, akatazama chini. Macho yake yakaangukia koti. Alishika ncha zake mbili, akazivuta, zikakataa kukutana kama zilivyokataa kwa miaka miwili. Alikaa hivyo, amezishika. "Inchi nne," alisema. "Ile fomu. Mimi niliandika arobaini na nne. Kwa kalamu yangu."

Fundi akaziba mdomo kwa kiganja.

"Na wale wenzangu sita. Wote si wateja wako?"

"Wote."

"Alikuja, unajua? Yule fundi wa makoti. Alikuja ofisini na futi mkononi, anaomba atupime upya, atashona mengine bure. Tukamfukuza. Nani akubali kuzungushiwa futi na mwanaume mbele ya ofisi nzima? Nikamwambia, namba zangu nazijua, jifunze kusoma. Na ile barua niliiandika mimi. 'Hana ujuzi wa kusoma vipimo.' Nikaipiga muhuri. Wakamnyang'anya kazi."

Nje gari lilipiga honi, mtu akaitikia. Bi Masjala akasimama, akavua koti, akainua mikono pembeni. Gauni lilikuwa wazi mgongoni mwake na hakujali. "Pima," alisema. "Na safari hii useme."

Fundi alizungusha futi. Aliiona namba. Akaisoma tena kwa macho.

"Sema!"

"Arobaini na nane," alisema Fundi. "Arobaini na mbili. Hamsini na sita."

"Baba, umeandika?"

"Nimeandika," alisema Stoo.

Bi Masjala alirudi nyuma ya pazia, akabadilisha nguo, akaliacha gauni juu ya kiti. Akaondoka. Hakusema atarudi, wala hakusema hatarudi.

*

Siku ile Fundi hakutulia. Alikaa kwenye cherehani akakanyaga, sindano ikaenda juu na chini juu ya kitambaa, na ni mama mkwe aliyemwambia kwamba hakuna uzi. Aliinuka akafagia. Akakaa. Akainuka akapanga vifungo kwa rangi, vifungo ambavyo vilikuwa vimepangwa. Watoto wao waliporudi kutoka shule waliusoma uso wa mama yao wakaenda kucheza nje bila kuomba chakula.

"Alinirudishia heshima," Stoo alisema hatimaye, akiwa amemgeuzia mgongo. "Yule mama. Aliniomba radhi mbele ya watu. Wewe bado."

"Nisamehe."

"Ungeniambia mapema ningeongeza. Kuongeza nne si kazi."

"Najua."

"Kilichoniuma si kusingiziwa. Kilichoniuma ni jinsi ulivyokuwa mwepesi. Hukusita hata. Kama ulikuwa umeniweka tayari kwa siku kama ile."

Lilikuwa kweli. Mume asiye na kazi alikuwa karibu, akafaa. Akamshika mkono wenye harufu ya mafuta ya cherehani, naye hakuutoa, lakini hakuufumbata.

"Mpigieni simu wifi mtu," alisema mama mkwe kutoka dirishani. "Mwambieni akili zake alizobeba azirudishe."

Hakuna aliyecheka, ila hewa ilipungua uzito kidogo. Na Fundi akachukua gauni la kijani, akaanza kulifumua pembeni. Kama Bi Masjala hatarudi, basi litatundikwa pale ukutani, lakini litatundikwa likiwa linamtosha. Mabaki ya kitambaa hayakufaa, maua yalikuwa yamekatika vibaya. Akatoa kitambaa cheusi alichojinunulia mwenyewe kwa ajili ya sketi, akakata vipande viwili virefu, kimoja kila upande, kutoka kwapani hadi kwenye pindo, vyembamba juu na chini, vipana palipohitaji upana. Alivikata kwa namba zile tatu. Alizisoma kwa sauti alipokuwa akichora chaki, mara ya kwanza kwa kunong'ona, mara ya pili kama mtu anayesoma saa.

*

Alhamisi saa tisa mlango ukampokea Bi Masjala kwa ubavu. Hakusalimia kwa kirefu. Aliuliza, "Liko wapi?" akaingia nyuma ya pazia, akalivaa mwenyewe, akamwita Fundi afunge zipu tu. Zipu ikapanda bila kusimama.

Akatoka mbele ya kioo. Akageuka upande. Nyeusi ile ilimchora kiuno ambacho hata yeye hakuwa amekiona kwa miaka, na ua la shaba lilikaa begani kama lililotua lenyewe. Alivuta pumzi, akaitoa yote, na gauni likakaa naye. Akainua mikono juu. Akainama. Akakaa kwenye kiti, akainuka.

"Mwanamke huyu," alisema mama mkwe taratibu, "ana mambo."

Bi Masjala alijitazama mpaka akatosheka, na hakuharakisha. Kisha akachukua mkoba wake na kutoa karatasi.

"Nimemtafuta yule fundi," alisema. "Anashona mikoba ya shule, kwenye kibaraza cha mtu, mashine ya kuazima. Nilimsalimia akanitambua, akasimama wima kama nimekuja kumkamata." Akaitandika karatasi mezani. "Mwezi ujao wanatangaza tena zabuni ya makoti. Jina lake lina doa, na doa nililitia mimi. Barua hii inasema vipimo havikuwa sahihi, na kosa halikuwa lake. Naweza kuipiga muhuri mpaka kesho saa kumi. Baada ya hapo muhuri si wangu tena. Lakini nani ataniamini, mzee anayestaafu, kwamba watu saba walikosea vipimo vyao sawasawa? Nataka shahidi."

Fundi aliisoma. Mwishoni paliandikwa: *Mimi, fundi wao, ndiye niliyewatajia namba zisizo za kweli.* Chini yake palikuwa na mstari mtupu.

"Itaingia jaladani," alisema Bi Masjala. "Jumatatu wale sita watakuwa wameisoma. Sikufichi."

Fundi alitazama chumba chake. Pazia, kioo chenye ufa chini, nguo tisa zilizotundikwa, na sita kati ya hizo zilikuwa za wanawake walewale. Wangesema kwa wenzao, na wenzao kwa wengine. Chumba hiki kililisha, kilivisha na kusomesha kwa sababu ya uongo mmoja mdogo wa upole. Akashika penseli.

"Si kwa penseli," alisema Stoo, akampa kalamu.

Akaandika jina lake lote, la kwake, la baba yake na la babu yake.

*

Ijumaa walisikia makofi ya ukumbini kutoka ng'ambo ya barabara, mara mbili, na mara ya pili yalikuwa marefu. Jumamosi hakuja mteja. Jumatatu asubuhi pia hakuja, na Fundi alishinda akichungulia mlangoni, akijifanya anakung'uta nyuzi.

Saa ya mapumziko aliwaona. Walikuwa sita, wamevaa makoti ya buluu yaliyo wazi, wanavuka barabara kwa pamoja, hawacheki. Mama mkwe akaweka sindano chini. Stoo akafungua daftari ukurasa mpya, akaandika tarehe.

Wa kwanza kuingia alikuwa mpokea simu, mwanamke mrefu, mpana, mwenye ulimi unaoogopwa ofisi nzima. Alisimama katikati ya chumba. Mlango nyuma yake ulikuwa wazi, wenzake watano wamejaa kizingitini, na benchi la nje lilikuwa na wanaume.

"Miaka minne ninakuja hapa," alisema.

"Ndiyo, dada," alisema Fundi.

"Na mimi ni ngapi?"

Akainua mikono.

Fundi alimwendea na futi. Alimzungushia, akaikutanisha kwa vidole viwili, akaisoma. Alitaka kufunga mlango kwanza, na mpokea simu akaona jicho lake lilikokwenda, akatikisa kichwa: hapana.

"Hamsini na moja," alisema Fundi.

Mpokea simu alibaki na mikono hewani. Wale watano walisubiri kizingitini, na nje hakuna aliyecheka.

Stoo akaandika kama alivyosikia.